Kusubu Chubwi za Risasi Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia kila wavuvi wa mshipi na wa nyavu wanapokaa kuzungumzia chubwi, yaani vizito vya kuzamishia mshipi au wavu: risasi, ile metali laini na nzito, nitaipata wapi, nisubu (niyeyushe na kumimina) kwenye kalibu ya nini, na je, ni kweli kwamba inadhuru. Yanaanzia ya msingi na kuishia kwenye yale ya nadra. Ukiwa na haraka, soma la 3, la 6 na la 11 kabla hujawasha jiko. Mengine yanaweza kusubiri.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini wavuvi wanaing'ang'ania risasi wakati mawe yamejaa pwani?

Kwa sababu ni nzito mno kwa umbo lake. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya chuma ina 7.9 na ya zege kama 2.4. Ukizamisha, tofauti inazidi, maana maji nayo hubeba sehemu ya uzito. Chubwi ya gramu 100 ikiwa ya risasi hubaki na gramu kama 91 ndani ya maji ya chumvi, ya chuma 87, ya zege 57 tu. Tena ile ya zege ni nene, mkondo unapata pa kuisukuma. Ndiyo maana siku za bamvua, anayevulia changu mwambani hataki kusikia habari za jiwe.

Lakini hebu itazame tena hiyo tofauti ya risasi na chuma: gramu 4. Tutairudia katika swali la 19.

2. Inalipa kusubu mwenyewe?

Kwa anayepoteza chubwi mbili tatu kwa mwezi, hapana, anunue. Kwa mwenye jarife, wavu mrefu unaohitaji vizito vingi, au anayevulia kwenye miamba inayokula chubwi kila safari, ndiyo, mradi apate risasi safi kwa bei nafuu na awe na mahali pa kufanyia kazi. Hilo la mahali ndilo linalowashinda wengi.

3. Hatari yake ni ya kweli au ni maneno ya watu?

Ni ya kweli, ila si mahali ambapo wengi wanaitafuta. Watu huogopa kuungua, na ni sawa waogope. Lakini kidonda cha moto kinaonekana na kinapona. Kinachoharibu nyumba ni vumbi: ile taka ya kijivu inayoelea juu ya risasi iliyoyeyuka, ambayo ikikauka hupeperuka, hukaa kwenye nguo, kucha, mkeka na sakafu, kisha huingia mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutoka kiasi kilekile, na inayoumia zaidi ni akili yake: kujifunza, kutulia, kukumbuka. Kwa mtu mzima ni shinikizo la damu, figo, upungufu wa damu na uzazi. Sehemu kubwa huenda kujificha mifupani kwa miaka mingi, na mwanamke akishika mimba inaweza kurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi hii ni wa Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi pembeni mwa Dakar, Senegal. Kwa miaka mafundi wa pale walikuwa wakipasua betri za magari na kusubu risasi yake kuwa vizito vya nyavu. Ardhi ikajaa vumbi. Bei ya risasi ilipopanda, watu wakaanza kuchekecha mchanga ule majumbani mwao ili wauze vipande vilivyobaki. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Kwetu kuna mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe aliyekuwa akinyonya kuugua. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kiwanda si sawa na sufuria moja ya mvuvi, najua. Ila Thiaroye haikuanza na kiwanda.

4. Nyumbani kuna watoto wadogo, au mke ni mjamzito. Nifanye kwa uangalifu tu?

Usifanye hapo. Sisemi usifanye kabisa. Tafuta uwanja mwingine usio na watu, nguo za kuachwa hukohuko, na mahali pa kunawa kabla ya kurudi. Kama huna, nenda moja kwa moja swali la 19. Nyumba ya kupanga yenye ua mmoja wa familia tano haifai hata ukisubu usiku wa manane, kwa sababu asubuhi watoto watacheza palepale.

## Kupata risasi

5. Risasi nzuri nitaipata wapi?

Bora kuliko zote ni chubwi na vizito vya zamani vya nyavu. Zimeshasubiwa, unazifahamu, hazina asidi. Baada yake kuna mabomba ya maji ya majengo ya kale, mabamba laini ya kuzibia paa, vizito vya mikanda ya wazamiaji, na vile vipande vya kusawazishia magurudumu vinavyookotwa kwa mafundi matairi.

Kwa wauza vyuma chakavu utaonyeshwa pia magamba ya nyaya za simu za zamani, ambayo kweli ni risasi. Uliza yametoka wapi. Nyaya za simu na umeme huibwa sana, na ukikutwa na mali ya wizi hutasikilizwa kwamba ulikuwa unatengeneza chubwi.

6. Betri ya gari iliyokufa imejaa risasi. Kwa nini nisiitumie?

Hili huulizwa kuliko yote, na jibu halibadiliki: usiiguse.

Kwanza, kilichomo si bamba zima la risasi. Ni wavu mwembamba uliopakwa rojo ya oksaidi na salfeti ya risasi, na rojo hiyo haiyeyuki kwenye jiko lako, inageuka unga. Kwa hiyo unapata risasi kidogo na vumbi jingi, kinyume kabisa cha unachotaka. Pili, kuna asidi ya salfuriki. Tatu, risasi ya betri huchanganywa na antimoni, kalsiamu na wakati mwingine aseniki kidogo, na taka yake ikipata unyevu inaweza kutoa gesi za arsini na stibini, ambazo ni sumu kali. Nne, betri chakavu ni taka hatarishi kisheria. Anayezikusanya au kuzichakata anatakiwa awe na kibali cha mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya.

Betri iliyokufa ina soko. Iuze ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali, na kwa pesa hiyo ununue risasi safi.

7. Nitajuaje kama kipande ni risasi, si zinki au chuma?

Anza na sumaku: ikishika, ni chuma. Kisha kwaruza kwa ukucha au kisu. Risasi inakubali, inang'aa palipokwaruzwa, na ukiiburuta kwenye karatasi inaacha mstari wa kijivu. Zinki ni ngumu. Dondosha kipande sakafuni: zinki inalia, risasi inatua kwa kishindo kizito bila mlio.

Vipande vya magurudumu vya siku hizi vingi ni zinki au chuma, kwa hiyo pima kimoja kimoja. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi na zinki kwenye 419. Ukidhibiti moto, zinki iliyopenya itaelea ikiwa ngumu na utaichota. Moto ukizidi, itachanganyika, na chubwi zako zitatoka na uji uji usiojaza kalibu.

## Vifaa na kalibu

8. Vifaa gani havikwepeki?

Sufuria nzito ya chuma, au chungu cha chuma cha kusubu. Usitumie sufuria ya aluminiamu: jiko la mkaa lililopulizwa vizuri linaweza kulainisha kitako chake, na risasi yote ikamwagika motoni. Upawa wa chuma wenye mpini mrefu. Koleo. Glavu nene za ngozi, viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu iliyoangukia juu ya kiatu wala si ndani yake, miwani ya kukinga macho. Kandambili zibaki nyumbani.

Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Inayofaa ni ile ya mpira yenye chujio za daraja la P3 au P100. Na chochote kilichoingia kwenye kazi hii, sufuria, upawa, hata kijiko kilichokorogea mara moja tu, hakirudi jikoni maisha yake yote. Kipake rangi nyekundu ili asije mtu akakiazima.

9. Kalibu ya nini ni nzuri?

Ya aluminiamu ndiyo inayodumu. Haigandi na risasi na ukiitunza utamrithisha mwanao. Anayeanza, hata hivyo, mara nyingi hutumia plasta ya jasi au mchanga.

Plasta hushika umbo lolote: unachukua chubwi ya mfano, unaipaka mafuta, unaizamisha nusu kwenye plasta mbichi, inaganda, unapaka mafuta tena na kumimina nusu ya pili. Chonga mdomo wa kumiminia na vijia vidogo vya hewa kutoka. Tatizo lake ni maji. Plasta inayoonekana kavu bado imebeba maji ndani, na hilo ndilo balaa la swali la 11. Ianike juani siku kadhaa, kisha ikaushe kwenye joto la chini kwa saa nyingi, huku ukiipima kwenye mizani. Uzito ukiendelea kushuka, bado haijakauka. Uzito ukisimama, iko tayari.

Mchanga wa kusubia unahitaji unyevu kidogo ili ushikane, na mafundi wa sufuria wanaujua kwa mkono. Mtu ambaye hajakaa nao asijaribu kuubuni peke yake. Mbao ngumu kavu inafaa kwa chubwi chache. Itaungua kidogo kidogo mpaka umbo lipotee.

10. Nitajuaje uzito kabla ya kusubu?

Zamisha chubwi ya mfano kwenye chombo chenye alama za mililita, angalia maji yamepanda kiasi gani, zidisha kwa 11.3. Mililita 10 ni gramu 113. Kwa maumbo ya duara kuna mkato: mpira wa kipenyo cha milimita 20 ni gramu 47 hivi, wa 25 ni 93, wa 30 ni 160. Ona jinsi milimita chache zinavyoongeza uzito. Ndiyo maana kalibu ya kukisia kwa macho huleta chubwi nzito kuliko ulivyotaka.

## Siku ya kusubu

11. Kwa nini wanasema tone moja la maji linalipua sufuria?

Kwa sababu maji yakigeuka mvuke hupanuka mara 1,600 hivi, na ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka papo hapo. Yakiwa juu ya risasi hutoa mlio tu na kurukaruka. Yakiwa chini yake, yaani yamefunikwa, hurusha risasi yote hewani hadi usoni kwako.

Kwa hiyo maji huingiaje? Hayaingii kwa kuanguka kutoka mbinguni tu, ingawa mvua nayo ni sababu ya kuahirisha. Mara nyingi huingia na kipande baridi unachokitupia kwenye sufuria ambayo imeshayeyuka: chubwi ya zamani yenye tundu lililohifadhi maji ya bahari, bomba lililobanwa ncha zote mbili, upawa uliooshwa. Weka vipande vyote kwenye sufuria ikiwa bado baridi, vipate moto pamoja. Ukilazimika kuongeza, vipashe kwanza pembeni ya jiko mpaka visiwe na shaka, kisha viteremshe kwa koleo. Upawa upashe kila unapouchovya. Chupa ya maji ya kunywa ikae mbali, na jasho la paji la uso lifutwe.

12. Hatua zenyewe ni zipi?

Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni mwako na ukielekea pasipo na mtu. Weka chungu mahali pasipoyumba, usawa wa kukuwezesha kumimina bila kuinama juu yake. Pasha kalibu. Risasi ikiyeyuka yote, tupia kipande kidogo cha mshumaa, koroga polepole ukikwangua pande na chini. Itatoa moshi, pengine moto, kaa kando. Uchafu utapanda juu kama majivu. Uchote taratibu, uuweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Usiubwage chini.

Joto la kumiminia ni nyuzi 350 hadi 400. Kama huna kipimajoto, chovya kijiti kikavu kabisa: kikigeuka kahawia inatosha, kikishika moto punguza. Uso wa risasi safi ukianza kuonyesha rangi za dhahabu na zambarau, umezidisha, na kadiri unavyozidisha ndivyo oksaidi na moshi vinavyoongezeka.

Mimina kwa mkupuo mmoja usiokatika mpaka mdomo wa kalibu ujae na kubaki kilima kidogo, kwa kuwa risasi hunywea inapoganda. Kama unataka kitanzi, waya wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu uwe umeshapangwa ndani ya kalibu kabla. Subiri igande, fungua, dondosha juu ya kitambaa kikavu. Usipoze kwa maji karibu na sufuria.

13. Chubwi zangu zina makunyanzi, au hazijajaa.

Makunyanzi ni baridi: ya kalibu mara nyingi, ya risasi mara chache. Chubwi tano sita za mwanzo huwa mbaya hata kwa fundi. Zirudishe kwenye sufuria kwa tahadhari ya swali la 11. Zisizojaa zimenyimwa njia ya hewa au umemimina kwa kusitasita. Vitundu vidogo ndani ni mvuke, na hiyo ni onyo: kalibu yako haijakauka, simama. Chubwi ya bahari haihitaji urembo hata hivyo. Samaki hatazami makunyanzi.

14. Nikatapo mkia wa chubwi, nitumie tupa au msasa?

Kisu au koleo la kukatia. Tupa na msasa vinatengeneza lile vumbi tunalolikimbia. Kingo kali zigonge kwa nyundo.

## Baada ya kazi

15. Nisafisheje, na taka niipeleke wapi?

Usifagie pakavu. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na kitambaa kiende kwenye lile kopo. Nawa mikono, uso na kucha kabla ya kula, kuvuta sigara au kumshika mtoto. Nguo zifuliwe peke yake. Kopo la taka likijaa, lifungwe na lipelekwe kwa mnunuzi wa risasi mwenye kibali; wengi huichukua kwa sababu bado ina risasi ndani. Usiimwage kwenye shimo la choo, shambani wala karibu na kisima. Risasi haiozi. Itakuwa palepale wajukuu wakichimba msingi.

16. Nipime damu?

Ukisubu mara kwa mara, ndiyo. Zahanati ya kawaida haina kipimo hiki, kwa hiyo omba daktari wa hospitali kubwa akuelekeze, na mwambie wazi kazi unayofanya; bila hivyo maumivu ya tumbo, kufunga choo, uchovu na kichwa vitatibiwa kama minyoo au malaria. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema ukifikia mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Ukiacha, kiasi kilicho kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa mwezi hivi. Kilicho mifupani hakina haraka hiyo.

Maziwa hayaondoi risasi, ingawa wengi huapa hivyo. Kalsiamu na chuma cha kutosha katika chakula hupunguza kiasi kinachofyonzwa, basi.

Na mtoto akimeza chubwi, hata ndogo, usingoje itoke. Hospitali siku hiyohiyo.

## Maswali ya pembeni

17. Babu yangu alibana risasi ndogo za mshipi kwa meno miaka yote, na aliishi hadi uzee.

Shikamoo yake ifike. Wewe tumia koleo.

18. Kalibu ya chubwi naweza kuigeuza nisubu risasi za bunduki ya kuwindia?

Hapa pwani yetu hapana. Kutengeneza risasi za silaha bila leseni ni kosa, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kwa Tanzania na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kwa Kenya. Ndugu walio Marekani watakuta jambo tofauti: sheria ya shirikisho haimtaki mtu leseni kwa kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe, bali kwa biashara, hata hivyo majimbo yana masharti yao. Yale ya vumbi, joto na maji hayabadiliki popote.

Walio Ulaya nao wajue kwamba hata chubwi zina sheria huko. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 vizito vingi vya risasi visivyozidi gramu 28.35, baada ya mabata maji kufa kwa kuvimeza. Denmark imezuia uuzaji wa zana za uvuvi za risasi.

19. Nikitaka kuachana na risasi, nitumie nini?

Zirudie zile gramu 4 za swali la 1. Kipande cha nondo cha gramu 105 kinafanya kazi majini sawa na risasi ya 100. Fundi wa kuchomelea atakukatia nondo vipande na kukuchomea kitanzi wakati unasubiri, na kutu yake haimdhuru mtu. Plagi za gari zilizokwisha ni chubwi zilizo tayari, zina hata shingo ya kufungia, na gereji nyingi huzitupa. Nati kubwa zinafaa kwenye kamba ya wavu kama hazina kingo za kukata uzi. Kwenye miamba inayokula chubwi, funga jiwe kwa uzi mwembamba kuliko mshipi: likinasa, uzi unakatika, unarudi na ndoana yako na samaki wako.

Panapobaki risasi bila mpinzani wa maana ni kwenye kimia, ule wavu wa kurusha kwa mkono, ambako vizito vinatakiwa viwe vidogo, laini na vingi pembezoni mwa wavu. Hapo nunua zilizosubiwa tayari.